Mabango ya Baba, Ufunguo wa Mama

Sogea karibu na dirisha, msikilizaji wangu, maana habari ya karatasi kuukuu haielezeki vizuri gizani. Nitakwenda polepole kama ninavyokwenda darasani, na pale nilipokosea nitakuonyesha waziwazi ili wewe usipite palepale. Usidhani ni kazi ya wataalamu peke yao. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kabla ya Juni ile nilichojua kuhusu kutunza karatasi kilikuwa kuipangusa vumbi na kuiweka mbali na mvua.

Karatasi zenyewe ni mabango ya vita. Sikia kwanza yalivyofika kwetu.

Baba alivuka mpaka akiwa kijana, mkimbizi mwenye blanketi moja, akaishia Karagwe, upande wa Tanzania. Mimi na kaka yangu tulizaliwa huko na kusoma huko, ndiyo maana hadi leo, hapa Kigali, nyumbani kwetu watu hugombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kinyarwanda. Vita vya Kagera vilipoanza, baba alikuwa kibarua wa ofisi moja ya serikali. Walimpa baiskeli, ndoo ya uji wa muhogo wa kubandikia na brashi ya chokaa, wakamwambia akabandike mabango. Aliyabandika kwenye maghala ya kahawa, kwenye milango ya zahanati, kwenye kuta za maduka. Kila aliposimama watu walimzunguka wakimuuliza habari za vita, yeye ambaye nchi ile ilikuwa imempokea tu. Alisimama akawaeleza. Mama husema hapo ndipo mume wake alipojifunza kusema mbele ya watu.

Kila aina ya bango alibakiza moja. Aliyalaza katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, akayatia ndani ya sanduku kubwa la bati. Tuliporudi Rwanda lori lilijaa, magodoro yakaachwa Karagwe, sanduku likaja. Miaka mingi baadaye baba alifia hapahapa Niboye, katika nyumba hii yenye ukuta mrefu wa matofali na geti la kijani, na sanduku likahamia chini ya kitanda cha mama.

Ukiyaona hutashangaa sana. Rangi ni mbili au tatu, na nyekundu yake imefifia mpaka inafanana na vumbi la Bugesera. Kuna mwanamke aliyebeba kapu la viazi vitamu akiwapelekea askari. Kuna wanaume wawili wananong'onezana, na nyuma yao ukuta umechorwa sikio. Kuna mkono unafunika taa ya chemli kwa kitambaa, kuwakumbusha watu wasionyeshe mwanga ndege zikipita.

Hilo la taa ndilo lililoanzisha matatizo.

Kaka yangu anaishi Nyarutarama, kwenye nyumba inayotazama uwanja wa gofu, na mbwa wawili getini. Ni mtu mwema. Ukimwona kwenye hadithi hii kama mbaya, kosa ni la msimulizi. Mwaka mmoja alimwomba mama bango la taa ili alitundike sebuleni kwa heshima ya baba. Akalipeleka mjini, kwenye duka moja ambako watu hupeleka diploma na hati za viwanja zifungwe ndani ya plastiki kwa mashine ya moto. Unajua ilivyo hapa kwetu: karatasi isiyo na plastiki watu huiona kama karatasi isiyo na mwenyewe. Akalirudisha linang'aa, limetiwa fremu, akamshikisha mama.

Mama akainua fremu hadi puani.

"Umemtia baba yako kwenye mfuko," akasema.

"Mama, sasa hata maji hayamfikii."

"Na mimi, nitamfikiaje?"

Kaka akacheka. Mama hakucheka. Nami nikuambie kwa nini alikuwa na haki, maana hili ni la kwanza la kujifunza: ile mashine huyeyusha gundi hadi ndani ya karatasi. Plastiki ikishashika haitoki tena ila itoke na rangi. Karatasi iliyomo humo haipumui, haikunjuki, haishonwi. Tangu siku ile mama alinunua kufuli, na ufunguo akautundika shingoni kwa kamba ya kiatu.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa nafundisha mbali na Kigali mama alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Nikaja kumwuguza, nikasema nitakaa mwezi. Ulipofika Juni ninayokusimulia, mwezi huo ulikuwa na miaka miwili. Nyonga ilishaunga, mama akitembea na fimbo, lakini hakuna aliyeniambia mwezi umekwisha, nami sikujua wa kumwuliza. Kisha ikaja barua kutoka chuo kimoja cha ualimu upande wa mashariki: wananihitaji nifundishe Kiswahili, nianze muhula wa Septemba. Niliificha barua ndani ya kamusi. Kila jioni nilifungua kamusi bila neno la kutafuta.

Nilimwonyesha kaka. Yeye ni mtu wa mipango, akapanga palepale mezani, Jumapili, baada ya ibada. Alikuwa ameongea na ofisi ya nyaraka upande wa Tanzania ambayo ingependa kuyapokea mabango na kuyatunza vizuri, ila ilitaka kwanza orodha kamili. Mama, kila tulipomwomba ahamie Nyarutarama, alijibu kwamba hawezi kuliacha sanduku. Basi sanduku likiondoka, mama hana kizuizi. Mama akihamia kwa kaka, mimi niko huru kwenda chuoni.

"Orodha ikiisha, kila mtu anakwenda mahali pake," kaka akasema. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye subira. Andika."

Nilikubali, na nilikubali kwa furaha. Mama alikuwa pale pale anachagua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Alipomaliza kuchagua akasema kitu kimoja tu: bango moja kwa siku, tena siku za kazi tu, atalitoa yeye asubuhi, na jioni lirudi kwake.

Nikaona ni sharti jepesi.

Hivi ndivyo nilivyofanya kazi, nawe unaweza kufanya hivihivi kwa karatasi zozote za nyumbani kwenu. Unanawa mikono kwa sabuni na kuikausha sawasawa; glavu si lazima, kidole kitupu huhisi mpasuko kabla hujauongeza. Unatandika shuka safi mezani. Unalaza bango, unachukua brashi laini, mimi nilitumia ya kupakia poda usoni, na unasukuma vumbi kutoka katikati kwenda pembeni, kamwe usirudi ndani. Palipochanika hupabandiki utepe wa gundi, unapaacha. Ukimaliza unalifunika kwa karatasi nyeupe juu na chini. Gazeti usilitumie, kwa sababu gazeti huiva na kuwa kahawia, kisha huiambukiza jirani yake. Mwisho unaligeuza na kuandika namba nyuma kwa penseli.

Daftari langu lilikuwa na safu sita: namba, ukubwa, rangi, picha, mahali lilipobandikwa, na hali yake. Kwenye hali niliandika "wastani". Bango la pili, wastani. La tatu, wastani. Shika neno hilo, tutalirudia.

Mahali lilipobandikwa alinieleza mama. Alikaa kitandani, fimbo katikati ya magoti, na kila bango lilimtoa hadithi. La sikio, baba alilibandika kwenye duka la Mwarabu mmoja, na mke wa mwenye duka akaja kuulizia kama serikali imemchora mumewe, maana masikio yalifanana. La mwanamke wa viazi lilibandikwa kwenye ghala la kahawa, na mvua ikalishusha siku hiyohiyo, baba akarudi na baiskeli umbali wote ule kulibandika tena.

"Uji wa muhogo ulikuwa mwepesi," mama akasema. "Nilikuwa nimechota mzito nikawalisha nyinyi."

Jioni nilimrudishia bango likiwa kwenye karatasi zake nyeupe. Alilitia sandukuni mwenyewe, akafunga mlango wa chumba, akapumzika hadi saa ya chai.

Juni ikaisha hivyo. Julai ikaingia. Kiangazi cha hapa unakijua: vumbi linapita hata kwenye tundu la kitasa. Saa mbili asubuhi majirani wote wamekwenda kazini, mtaa unabaki na redio moja na jogoo mmoja, na ukuta wetu unaonekana mrefu kuliko ulivyojengwa. Nilisafisha, nilipima, niliandika, nilipika, nilimpeleka mama bafuni, nilimrudisha. Namba kumi na mbili. Namba kumi na tisa. Nilianza kuota kwamba niko ndani ya sanduku na mtu fulani kwa upole mwingi ananifunika kwa karatasi nyeupe.

Picha zilizojirudia nilianza kuziona mwanzoni mwa Julai.

"Mama, hili la viazi si tulishaliandika?"

"Lile lilikuwa la ghala la kahawa. Hili ni la zahanati. Baba yako alikuwa na mikono miwili, alishindwa kubakiza mawili?"

Nikaandika: nakala ya pili. Lilipokuja la tatu, la shuleni, nikaandika: nakala ya tatu. Hadithi zilikuwa tofauti kabisa, watu tofauti, mvua tofauti, na mimi ni mwalimu, nikiona maelezo tofauti naamini vitu ni tofauti. Picha tulipanga kuzipiga mwishoni, kaka angeleta kamera nzuri. Kwa hiyo sikuwa na kitu cha kulinganisha ila daftari langu, na daftari lilisema: wastani, wastani, wastani.

Jumapili kaka alikuja, akala ndizi na maharage, akauliza, "Imefika ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Eeh. Baba alibandika vita nzima?"

"Bado yapo," mama akasema. "Buhoro buhoro, polepole."

Katikati ya Agosti chuo kilipiga simu. Walitaka nithibitishe ndani ya wiki mbili. Nilisema nitathibitisha. Sauti ya yule mama wa chuoni ilikuwa na haraka nzuri ya watu wenye kazi, na simu ilipokatika nilikaa nayo mkononi kama kikombe kilichokwisha chai.

Siku ya tatu baada ya simu hiyo niliwaona sisimizi. Walitoka kwenye ufa wa dirisha, wakashuka ukutani kwa mstari mwembamba, wakaingia chini ya kitanda, moja kwa moja hadi kwenye mfuniko wa sanduku. Nikaogopa sana. Wadudu ni adui wa karatasi. Nikamwambia mama tutoe kila kitu, tulisafishe sanduku leo leo.

"Wanatafuta maji," akasema. "Kiangazi. Waache wapite."

Akanipa bango la siku hiyo kama kawaida. Lilikuwa lile la sikio. Kwa hesabu yangu lingekuwa namba arobaini. Nikalipeleka mezani, nikaligeuza kwanza nitazame kama sisimizi wameligusa. Pembeni, kwenye mkunjo, palikuwa na chembe ndogo za kijivu, zimeviringika kama mbegu. Nikaichukua moja, nikaibonyeza. Ilikuwa mkate.

Hapa nikueleze jambo la kwetu. Karagwe hatukuwa na vifutio. Baba alitufundisha kufuta penseli kwa nyama ya mkate, ile laini ya ndani: unaiviringisha kwa vidole, unaipitisha juu ya maandishi taratibu, nayo inakunywa weusi wa penseli na kuwa ya kijivu. Sijawahi kumwona mtu mwingine akifanya hivyo. Na ndani ya nyumba ile tulikuwa watu wawili. Nikakumbuka kwamba tangu Juni mama, mwenye meno manne, alikula ganda la mkate akaacha laini, nami nilidhani ni uzee.

Nikalichukua bango hadi dirishani. Jifunze na hili, litakufaa: penseli hata ikifutwa huacha mfereji kwenye karatasi. Ukiitazama karatasi kwa mbele huuoni. Lakini ukiishika usawa wa jicho, mwanga wa asubuhi ukaingia kwa upande, mifereji hujaa vivuli. Nilishika. Kwenye kona ya chini nikaona 23, mwandiko wangu, ile mbili yangu yenye mkia. Juu yake kidogo nikaona 9. Namba tisa nilikuwa nimeiandika Juni.

Nilipiga hesabu kabla ya kukasirika. Septemba imebaki siku ngapi. Kisha hasira ikaja, na ilikuwa kubwa. Nikaliacha bango mezani, nikatoka hadi getini, nikafungua, nikasimama barabarani na ndala zangu. Kijana wa pikipiki akapunguza mwendo, akaninyooshea helmeti.

"Tugende, mama?" Akimaanisha twende.

Nilimtazama muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akaona aibu, akasema sawa, siku nyingine. Nikarudi ndani. Ningekwenda wapi na ndala, na nani angempeleka bafuni.

Mama alikuwa amekaa kitandani palepale. Sikumfokea. Nilileta bango, nikaliweka juu ya mapaja yake, nikaweka na chembe moja ya mkate kwenye kiganja chake.

Akaitazama. "Umechelewa," akasema. "Na wewe ni mwalimu. Nilidhani wiki ya pili utanikamata."

"Kwa nini, mama?"

"Ulipima kila kitu kwa rula, ukaandika wastani. Hili limeliwa na mchwa hapa, ona, kama jino la panya. Umeliona mara mbili. Hukuliona."

"Nauliza kwa nini ulifuta."

Akafunga kiganja. "Kaka yako alisema nini? Orodha ikiisha kila mtu anakwenda mahali pake. Mahali pangu ni wapi? Kwa wale mbwa? Nikae kwenye kochi, mlinzi aniambie mukecuru, bibi kizee, usitoke, jua kali? Mimi hapa najua jogoo ni wa nani."

"Ungesema."

"Ningesema, mngekaa wawili mkakubaliana. Nyinyi mkikubaliana, mimi huwa mzigo. Mzigo haujibu."

Nilikaa chini, mgongo ukutani. Nilimwambia kuhusu barua. Alikuwa anaijua; alikuwa amefungua kamusi. Nilimwambia kuhusu simu. Hiyo hakuijua. Akaanza kufikicha chembe ile ya mkate hadi ikawa unga.

"Umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Kasirika. Lakini utakula."

Kisha nikamwuliza juu ya hadithi, maana hilo liliniuma kuliko namba. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi, zahanati, shule, ghala, mvua, na sasa sikujua ipi ni kweli.

"Zote," akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana ameudhika. "Mimi mwongo? Alibandika kote huko. Karatasi iliyobaki ni moja, kuta zilikuwa nyingi. Kila uliponiletea nilikuambia ukuta mwingine."

Akavua kamba ya kiatu shingoni, akanipa ufunguo. Tukafungua sanduku mchana ule tukatoa kila kitu kitandani. Yalikuwa mabango kumi na saba. Miezi miwili nilikuwa nazunguka ndani ya mabango kumi na saba. Chini ya godoro nilikuta karatasi zangu nyeupe, zimepangwa vizuri, hakuna hata moja iliyokunjwa. Jioni alikuwa akizivua kwenye mabango ili yanirudie kama mapya, kisha akalala juu yake.

Tulifanya upya siku mbili, na safari hii sikuandika wastani. Niliandika: tundu la msumari kona ya juu kushoto. Niliandika: limeliwa na mchwa ukingo wa kulia, kama jino la panya, maneno ya mama. Niliandika: alama ya uji wa muhogo nyuma, upana wa kiganja. Kila jeraha lilipata sentensi yake, na ukishaandika hivyo hakuna mabango mawili yanayofanana duniani. Safu ya mahali lilipobandikwa ndiyo iliyonenepa. Zile hadithi zote za nakala za uongo ziliingia humo, tatu tatu, nne nne kwa bango moja. Ofisi ya nyaraka ingeweza kupata picha za sikio kwingine. Yule mke wa mwenye duka isingempata.

Lilibaki jambo moja. Orodha ilikuwa imekwisha, na orodha iliyokwisha ilikuwa na maana yake katika nyumba yetu. Nilikaa na daftari mapajani nikaona nimejenga mlango wa kumtolea mama nje kwa mikono yangu. Nikiiharibu, nabaki. Nikiipeleka, anaondoka. Mama naye alinitazama akijua hivyohivyo, na hakuniomba kitu.

Kisha nikaona kwamba katika safu zangu sita hakuna hata moja inayosema bango liko wapi sasa. Nilikuwa nimeandika lilikobandikwa, sikuandika linakokaa. Huo ni upungufu mkubwa katika orodha, mtu yeyote wa kazi hii atakuambia: kitu kikijulikana namba yake na hakijulikani kilipo, kimepotea. Nikachora mstari kwa rula, nikaongeza safu ya saba. Mahali lilipo. Nikaandika mara kumi na saba: chumbani kwa mama, Niboye.

Mama aliomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Bado moja."

Jumapili kaka alikuja na kamera. Nikampa daftari kabla ya chakula. Alifurahi kuona yako kumi na saba, akaniuliza yale thelathini na moja yamekwenda wapi, nikamwambia nilikosea kuhesabu, jambo ambalo ni kweli. Akasoma akitikisa kichwa, akicheka pale kwenye jino la panya. Alipofika safu ya saba akapunguza mwendo.

"Hii si wataibadilisha wakishayapokea?"

"Andika ulivyoona," nikasema. "Ndiyo kanuni."

Akageuza ukurasa. Namba kumi na nane ilikuwa peke yake juu. Picha: mkono unaofunika taa. Hali: limefungwa ndani ya plastiki kwa moto, haliwezi kutolewa. Mahali lilipo: sebuleni kwa mwanangu, Nyarutarama. Maneno ya mwisho yalikuwa ya mama, nilimwandikia kama alivyoyataja.

Kaka alikaa nalo. Mama alikuwa mbele yake, ufunguo umerudi shingoni, mikono juu ya fimbo.

"Hilo ndilo lililohamia kwako," akamwambia taratibu. "Unalionaje? Linapumua?"

Kaka alifunga daftari, akalifungua tena palepale. Baadaye akachukua kamera, akayapiga picha mabango kumi na saba dirishani, mimi nikishika karatasi nyeupe kurudisha mwanga. Alipeleka Tanzania picha na orodha. Walijibu kwamba watashukuru kuvipokea hivyo, na kwamba karatasi zenyewe zinaweza kusubiri hadi familia itakapokuwa tayari, mradi wajue ziko wapi.

Usidhani yote yalinyooka. Siku nilizopewa na chuo zilipita kabla jibu la Tanzania halijafika, sikuthibitisha, na nafasi ilikwenda kwa mwingine. Sikumlaumu mtu kwa sauti. Geti ni lilelile, jogoo ni yuleyule, na asubuhi nampeleka mama bafuni kama jana. Kilichobadilika ni Jumamosi. Mama alichongesha ufunguo wa pili, na hakunipa mimi. Alimpa kaka, akamwambia sanduku lina wadudu, lahitaji mtu mwenye macho mazuri kulikagua kila wiki. Kwa hiyo Jumamosi kaka anakuja na brashi, anafungua, anakaa na mama mpaka jua linashuka, anasikia ukuta mwingine. Nami natoka na viatu. Mara ya kwanza yule kijana wa pikipiki alinikumbuka.

Sisimizi waliondoka mkate ulipoondoka. Mama sasa anakula laini, ananiachia ganda.

Najua nawe una kitu: picha, barua, hati ya babu, labda chini ya kitanda cha mtu ambaye bado anaweza kukueleza. Usingoje orodha iwe nzuri. Nawa mikono, ikaushe. Chukua penseli laini, geuza karatasi, andika namba ndogo kwenye kona ya chini bila kukandamiza. Kisha fungua daftari, na mbele ya namba hiyo andika chumba ambamo karatasi iko leo, na ni nani analala humo.